Herufi Yenye Uzi

Ilikuwa sindano. Basi.
Mjini Võru, theluji imefika kizingitini,
Maarika aliandika programu ya kushona mafaili yaliyochanika,
picha zilizokatika kiuno, sauti zilizopasuka katikati ya neno,
akaiweka hadharani, bure,
msimbo wake wazi kama pindo lililogeuzwa nje.
Na kwa kuwa mama yake, Leida, alilea watoto watatu
kwa kushona makoti ya watu,
akaiita Nõel.
Sindano, kwa lugha ya nyumbani.

Itazame hiyo herufi ya pili.
O ni tundu.
Kiwimbi kilicho juu yake ni uzi
ambao bado haujapenya.
Kuitamka, fanya kana kwamba utasema o,
kisha inyooshe midomo, sauti ibaki nyuma kooni,
kama mtu aliyejichoma kidole
na hataki wageni wajue.

Dunia haikujichoma.
Dunia ilitazama kibodi yake, haikuuona uzi,
ikaandika Noel, ikaendelea na shughuli zake.

Kule Pelotas wakadhani ni Noeli, sikukuu yenyewe.
Jurandir akaichorea kofia nyekundu yenye kishungi cheupe,
Januari, jua linayeyusha lami,
akaituma kwa furaha: "Nembo! Zawadi!"
Wiebke wa Oldenburg aliweka nukta mbili penye wimbi
akalitetea kosa lake kwa aya nne na tanbihi.
Na Zbyszko wa Łódź, asiyeona,
alieleza kwamba sauti inayomsomea kioo
ikifika hapo husema: "N. O yenye wimbi. E. L."
"Kwa hiyo," alimalizia, "huenda ni mimi peke yangu
ninayejua kwamba pana wimbi."

Maarika alinuna mwaka mzima, tuseme ukweli.
Aliandika mwongozo. Alijirekodi akilitamka jina mara tatu, polepole,
kama mwalimu wa chekechea mwenye homa.
Rekodi ile ilipakuliwa mara kumi na moja;
mara tisa ni yeye mwenyewe, akihakikisha inafunguka.

Kisha Ghent, ukumbi wa chuo, mkutano wa mwaka.
Yuko kwenye foleni ya supu, kitambulisho kimegeuka mgongo,
na nyuma yake watu wawili wanabishana.
"Ni No-e-li."
"Ni Nuli. Niliambiwa na mtu anayemjua mwenyewe."
Mwenyewe akaikazia macho supu.
Alikuwa na hotuba tayari, ameibeba miaka miwili.
Akageuka, na kilichomtoka ni:
"Mnaitumia kwa kazi gani?"

Yule wa No-e-li akatoa simu.
Bibi yake, marehemu sasa, anasoma vipimo vya sukari
vya jamu ya mapera;
diski ilikuwa imelala siku sita kwenye maji ya mafuriko.
Sikiliza, pale penye kijiko cha tatu,
kuna mlio mdogo, tk,
hapo ndipo mshono ulipopita.
Kisha bibi anaacha sukari, anamwita mtu aliye chumba cha pili:
"Jurá!"
Jina zima hana haja nalo.

Maarika hakusema yeye ni nani
mpaka supu ilipopoa.

Usiku alimpigia simu mama yake, akamsimulia kofia nyekundu.
Leida alicheka hadi miwani ikamdondoka.
"Koti likishatoka mlangoni kwangu," alisema,
"silifuati kuuliza limetundikwa kwenye msumari gani."
Halafu akauliza kama huko Ghent kuna baridi,
na kama amekula.

Asubuhi palikuwa na taarifa mpya ya hitilafu:
*Noel inakwama ikipewa faili tupu.*
Kweli, ilikwama.
Aliitengeneza kabla ya kahawa.
Kwenye jibu akaandika jina kwa uzi wake;
la mleta taarifa akaliacha lilivyokuja,
akatuma.